UZI: Kuwafundisha watoto kutunga katuni zao wenyewe. Anzeni na vikaratasi, rula ije baadaye

PenseliMbili (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau. Nafundisha sanaa kwa watoto wa miaka 8 hadi 12. Kuna kazi moja iliyonisumbua miaka mingi hadi nilipobadili namna ya kuianza: kumfanya mtoto atunge katuni yake mwenyewe, kuanzia wazo hadi kijitabu anachoweza kumpa mwenzake akisome.

Zamani nilikuwa nagawa karatasi iliyokwisha pigwa mistari, visanduku 6, kisha nasema, "Haya, tungeni hadithi." Dakika kumi baadaye nusu ya darasa imekwama kisanduku cha pili. Wengine hadithi imewaishia cha tatu, vilivyobaki wanavijaza milipuko. Na wale ambao tayari wameambiwa hawajui kuchora wamelalia karatasi zao kwa viwiko ili mtu asione.

Watoto hawakuwa na kosa. Karatasi yenye visanduku tayari humpangia mtoto urefu wa hadithi kabla yeye hajaijua hadithi yenyewe. Halafu ule mstari wa wino, ulionyooka kwa rula, humwambia kwamba kitakachoingia ndani lazima kiwe nadhifu kama wenyewe. Mtoto anaogopa kabla hajagusa penseli.

Siku hizi naanza hivi. Nakata karatasi ya A4 vipande 8. Kila mtoto anapata vipande vyake na penseli moja, bila kifutio. Kikaratasi kimoja, tukio moja, dakika moja. Watu wote ni wa vijiti: duara la kichwa, mstari wa mwili, mikono, miguu. Sheria hiyo inawahusu hata wachoraji hodari wa darasa, tena wao hasa, kwa sababu mchoraji hodari asipobanwa atatumia kipindi kizima kuchora viatu.

Baada ya dakika nane kila mtoto ana hadithi iliyotandazwa mezani kama karata. Hapo ndipo somo linapoanza. Nawaambia: ondoa kikaratasi kimoja, hadithi isife. Ondoa kingine. Sasa badilisha nafasi za viwili, uone kinachotokea.

Nitawasimulia kisa kimoja maana ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Binti wa miaka 9 alichora mtoto amebeba ndoo ya maji, mtoto anateleza, ndoo iko hewani, maji yanamwagika, paka yuko chini yake, paka amelowa, mtoto anaomba radhi, paka anaondoka. Akaondoa kuomba radhi. Akaondoa kuteleza. Akafikiri kidogo, akaondoa ndoo iliyo hewani, akaondoa maji, akaondoa na paka aliyekuwa anasubiri. Vikabaki vitatu: mtoto anatembea na ndoo, paka amelowa chepechepe akitazama mbele, paka anaondoka. Mwenzake wa jirani akaangua kicheko. Binti yule akaweka kidole juu ya meza, kwenye nafasi tupu kati ya kikaratasi cha kwanza na cha pili, akasema, "Ameangukia hapa."

Wala sikuwa nimewafundisha jambo hilo bado. Mchoraji wa Marekani Scott McCloud aliandika mwaka 1993 kwamba moyo wa katuni uko kwenye ule uwazi kati ya visanduku, kwa sababu pale msomaji ndiye anayeikamilisha hadithi kichwani mwake. Binti wa miaka 9 aliufikia ukweli huo kwa kidole.

Basi ninachotaka kusema ni hiki: katuni darasani ni somo la kuchagua. Mtoto anachagua kipi kionekane na kipi kifichwe, nani aseme, nani anyamaze. Uzuri wa mchoro utakuja kwa wakati wake. Mwalimu anayeanza na uzuri wa mchoro anawapoteza watunzi wake bora siku ya kwanza kabisa.

Karibuni tujadili. Nitaeleza hatua zinazofuata kadiri mtakavyouliza.

---

MwalimuMpya

Mwalimu, ahsante sana kwa uzi huu. Nina swali moja. Darasani kwangu wapo watoto wanaosema "sijui kuchora" na hawatoki hapo. Hata ukiwaambia vijiti tu, wanakaa wanaangalia karatasi. Wewe unafanyaje?

---

PenseliMbili

Karibu sana mwalimu mwenzangu. Hao naanza nao na nyuso, kabla hata ya vikaratasi.

Chora ubaoni duara, nukta mbili za macho, na kamstari ka mdomo. Waulize, "Huyu anajisikiaje?" Watajibu tu, hawawezi kukosa la kusema. Ongeza nyusi mbili zinazoinamia puani: kakasirika. Zifute, uziinue upande wa ndani: kahuzunika. Mdomo ni uleule, hukuugusa. Sasa kila mtoto achore maduara 9 na kubahatisha nyusi na midomo bila kufikiri, kisha wamwulize jirani kila mmoja ana hali gani. Yule asiyejua kuchora anagundua kwamba uso wake uliopinda, jicho moja juu jingine chini, ndio uliowachekesha wenzake au kuwatia huruma.

Jambo hili lina historia, na lilianzia kwa mwalimu kama sisi. Rodolphe Töpffer alikuwa na shule ya bweni Geneva, Uswisi. Baba yake alikuwa mchoraji, naye alitaka kufuata njia hiyohiyo, ila ugonjwa wa macho ukamzuia. Mwaka 1827 akaanza kuchora hadithi za picha zenye maneno chini yake, na wanafunzi wake wakawa miongoni mwa wasomaji wake wa kwanza. Goethe, yule mshairi mkubwa wa Ujerumani, alizipata mkononi uzeeni akazipenda na kumtia moyo. Leo wengi humhesabu Töpffer kuwa baba wa katuni. Mwaka 1845 akaandika insha akieleza kwamba uso wowote uliochorwa, hata uwe mbovu na wa kitoto kiasi gani, lazima uwe na hali fulani ya moyo inayosomeka. Kwa hiyo anza kuchora uso wowote, kisha uuangalie umeamua kuwa nani.

Hayo ndiyo nawaambia watoto: hukumkosea huyo, umekutana naye.

---

Mzazi_Mwenzenu

Mimi si mwalimu, ni mama wa watoto wawili. Wa miaka 10 anachora katuni kila siku, lakini wahusika ni walewale wa televisheni. Nikimwambia abuni wake ananuna. Nimkataze?

---

PenseliMbili

Usimkataze, dada. Kunakili ni njia ya zamani ya kujifunza mkono, na mtoto anayeweza kumchora mhusika maarufu kwa kukumbuka ameshafundisha jicho lake kuona maumbo. Mpe tu mlango wa kutokea. Mwambie amchukue huyo anayempenda ambadilishe mambo matatu: umbo la mwili, kazi anayofanya, na kitu anachokiogopa. Umbo likibadilika sura inabadilika. Kazi ikibadilika nguo zinabadilika. Na hofu ikibadilika hadithi nzima inageuka. Mwisho wa zoezi anayebaki kwenye karatasi ni mtu mpya, na mara nyingi mtoto mwenyewe ndiye wa kwanza kumpa jina.

Kuna jaribio zuri la mhusika. Mtoto amchore kisha amjaze weusi wote mwilini, kama kivuli. Je, wenzake bado wanamtambua? Kama hawamtambui, aongezewe kitu: nywele ndefu za kusimama, begi kubwa kuliko yeye, shingo ya twiga. Hili si urembo. Mtoto atamchora mhusika huyo mara 20 au 30 kwenye kijitabu kimoja, na mkono wa mtoto haurudii sura sawasawa. Msomaji atamjua kwa lile begi, hata pua ikihama kila ukurasa.

Kabla ya kuanza hadithi, kunja karatasi ipate nafasi 6. Mhusika yuleyule mara sita: anacheka, amekasirika, anakimbia, amelala, ametupa mgongo, na yuko mbali sana kiasi cha kuwa mdogo kama punje. Ile ya kutupa mgongo ndiyo wanayoikwepa wote. Nasimama mbele yao, nawageuzia mgongo, wananichora.

---

ChoraUfute

Mkuu naunga mkono, ila umeruka maneno. Kwangu kero kubwa ni viputo. Mtoto anachora kiputo kizuri cha duara halafu maneno hayatoshi. Herufi za kwanza kubwa, za mwisho zimebanana ukingoni kama abiria.

---

PenseliMbili

Umegusa penyewe. Dawa yake ni kugeuza mpangilio: maneno kwanza, kiputo baadaye. Mtoto anapiga mistari miwili myepesi ya penseli, anaandika maneno katikati yake, ndipo anayazungushia kiputo. Hayo tu. Na hata picha isubiri: nafasi ya maneno ipatikane juu ya kisanduku kabla vichwa vya watu havijagusa dari.

Kuna na suala la nani asomwe kwanza. Jicho la msomaji wetu linaanza juu kushoto. Kwa hiyo anayesema kwanza, kiputo chake kiwe juu au kushoto zaidi. Mtoto akimweka mwulizaji kulia na mjibu kushoto, jibu litasomwa kabla ya swali. Waambie wawapange watu kwa zamu ya kusema. (Katuni za Japani husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na watoto wanaozijua watakusahihisha ukisahau kulitaja hilo.) Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, usielekee tumboni. Na kiputo kimoja kisizidi sentensi mbili fupi. Mtoto akiwa na maneno mengi, ayagawe kwenye viputo viwili vilivyounganishwa, msomaji avute pumzi katikati.

Sasa sauti. Hapa nina jambo liko moyoni. Watoto wetu wakichora kitu kikianguka wanaandika sauti walizoziona kwenye katuni za Kiingereza, wakati Kiswahili kina hazina ya maneno ya aina hiyo. Jiwe linaingia majini *chubwi*. Mzigo unaanguka mchangani *pu*. Maji yanatiririka *chururu*. Mtu anacheka *kwa kwa kwa*. Kamba inashikwa *ndi*. Waambie wakusanye maneno hayo kutoka kwa wakubwa wao, kila mtoto alete matatu, na lazima ajue linatumika wapi. Halafu wayachore, sio kuyaandika tu: *chubwi* iwe na herufi zinazozama, *chururu* iteremke ukingoni mwa karatasi.

Utamu zaidi ni kwamba mengine hata si sauti. Giza *totoro*. Kimya *jii*. Wachoraji wa Japani wana neno wanaloliandika kwenye kisanduku cha ukimya, *shiin*, na wasomaji wao wamelizoea kabisa. Sisi tunalo *jii* limekaa tu. Mvulana mmoja alijaza kisanduku kizima weusi wa penseli, mkono wake ukawa mweusi hadi kifundo, akaacha herufi nyeupe TOTORO katikati na macho mawili pembeni. Darasa zima lilikuja kuangalia.

---

MwalimuMpya

Nimecheka kwa furaha hapo kwenye TOTORO. Sasa hadithi yenyewe mwalimu, unawapa muundo gani? Wangu wakiachwa huru ni vita mwanzo mwisho.

---

PenseliMbili

Visanduku vinne. Wajapani wana aina ya katuni ya visanduku vinne vinavyoshuka wima, na wengi huipanga kwa mtindo wa kale uliotoka kwenye mashairi ya Kichina ya mistari minne: cha kwanza kinaanzisha, cha pili kinaendeleza, cha tatu kinageuza, cha nne kinafunga. Kile cha tatu ndicho mali. Hakihitaji adui wala ngumi. Kinahitaji kitu kisichotarajiwa.

Mfano ninaowapa: (1) mtoto anatafuta kiatu kimoja chini ya kitanda, (2) anatafuta kabatini, (3) tunaona ndege ametaga mayai ndani ya kiatu dirishani, (4) mtoto anatoka nje na kiatu kimoja mguuni, ananyata. Hakuna aliyepigwa na hadithi imekwenda.

Kuhusu vita sipigi marufuku. Nauliza tu, "Wanagombea nini?" na "Nani atasafisha baada ya hapo?" Swali la pili limenizalia hadithi nzuri kuliko zote za mwaka jana: askari wa miguu-vijiti wakifagia mabaki ya roboti wakilalamikia mgongo.

Kwa umri: chini ya miaka 7 wengi bado wanaweka hadithi nzima kwenye picha moja, jua, nyumba, ajali na hospitali vyote pamoja. Usiivunje picha hiyo. Mwambie akusimulie, andika maneno yake kama alivyoyasema, kisha mwulize tu, "Halafu?" Picha ya pili itakuja yenyewe.

---

ChoraUfute

Na kijitabu? Umesema wanaishia na kijitabu.

---

PenseliMbili

A4 moja, mkasi, bila gundi. Ikunje ipate nafasi 8: safu mbili za nne. Ikunjue, kisha ikunje katikati kwa upana, ukate kwenye ule mkunjo mrefu wa katikati, nafasi mbili za ndani tu, pembeni usiguse. Ukiifungua ina mpasuko katikati. Ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, mpasuko unafunguka kama mdomo, kijitabu kinajifunga chenyewe. Unapata jalada, kurasa 6 za hadithi, na jalada la nyuma.

Onyo moja: wakunje kwanza, waandike namba za kurasa kwa penseli, ndipo waifungue wachore. Wataona nusu ya kurasa zimesimama kichwa chini miguu juu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Asiyeandika namba atajikuta ana hadithi inayoning'inia.

Kama mtatoa nakala, penseli tupu haitokei vizuri, wapitishe kalamu nyeusi juu. Na waache sentimita 1 ukingoni, mashine hula pembeni. Kompyuta na tableti ni vyombo vizuri kwa baadaye. Mwanzoni kile kitufe cha kufuta kinamfanya mtoto achore jicho lilelile mara arobaini.

Na kabla hamjauliza alama: silinganishi michoro. Mtoto anampa kitabu chake mtu ambaye hajakiona. Huyo anakisoma kwa sauti, mtunzi amekaa pembeni, haruhusiwi kusema neno. Kila msomaji anapokwama, mtunzi anaweka nukta. Kisha anarekebisha penye nukta. Ni dakika ngumu sana kwao, wanauma midomo kujizuia wasieleze. Lakini sijaona njia nyingine inayomfundisha mtoto kwa haraka hivyo kwamba kilicho kichwani mwake hakijafika bado kwenye karatasi. Alama natoa kwa marekebisho hayo.

Ombi langu kubwa kwa walimu na wazazi: usishike penseli ya mtoto. Hata mstari mmoja. Niliwahi kumnyooshea mtoto mkono wa mhusika wake, nia yangu njema kabisa. Aliangalia, akanishukuru, akageuza karatasi akaanza upya upande wa pili. Ule upande wa kwanza haukuwa wake tena.

---

Mzazi_Mwenzenu

Hapo umenigusa, mwalimu. Nina mwingine wa miaka 8, kusoma kunampa shida sana. Anaweza kushiriki?

---

PenseliMbili

Anaweza, na usishangae akiwatangulia. Katuni isiyo na neno hata moja ni katuni kamili. Nilikuwa na mvulana wa hali hiyo. Aliposikia "hadithi" alikuwa anaomba kwenda nje. Nikawapa wote kazi ya bila maneno. Akachora mbwa anayesubiri mlangoni: kurasa sita, mlango uleule, mbwa yuleyule, kinachobadilika ni kivuli cha mlango tu, kinazidi kurefuka. Ukurasa wa mwisho kuna ncha ya kiatu. Wenzake walisoma hadithi ile bila kukwama popote, hakuweka nukta hata moja. Wiki iliyofuata aliniuliza neno la mbwa kufurahi linaandikwaje.

---

MwalimuMpya

Wadau, nimerudi na mrejesho. Leo nimewapa vikaratasi, vijiti tu, dakika moja moja. Hakuna aliyelalia karatasi. Lakini mtoto mmoja aliacha kikaratasi kimoja kitupu katikati ya hadithi yake, na nilipowaambia waondoe, aliondoa vingine vyote vya karibu akakibakiza hicho cheupe. Nikataka kumwambia ajaze.

---

PenseliMbili

Usimwambie ajaze! Mwulize nini kinatokea hapo.

---

MwalimuMpya

Nimemwuliza. Anasema babu amelala, na kila mtu anapita kwa kunyata. Kisha akachukua penseli akaandika pembeni kabisa, herufi ndogo mno hadi nikainama kuisoma: *jii*.